X moja au namba 1, 2, 3: kuchagua madiwani Glasgow

Hadi 2003, mpiga kura wa Glasgow, jiji la Scotland, aliweka X moja, kata ikapata diwani mmoja, basi. Mwaka huo chama cha Labour kilizoa viti 71 kati ya 79 kwa kura zisizofika nusu. Kwangu huo haukuwa uwakilishi.

Tangu 2007 kila kata ina madiwani watatu au wanne, nawe unaandika namba: 1 kwa unayemtaka zaidi, 2 kwa anayefuata, hadi utakapoishia mwenyewe. Kata ya viti 4 ikiwa na kura halali 10,000, kizingiti cha kupata kiti ni kura 2,001. Anayekivuka, ziada yake inahamia kwa chaguo linalofuata la wapiga kura wake. Anayeshika mkia anatolewa, na kura zake zinahamia vilevile. Hesabu ni ndefu, ndiyo maana inafanywa kwa mashine.

X ilikuwa na zuri moja: ulijua diwani wako ni nani, ukambana yeye. Hata hivyo nachagua namba bila kusita. Barabara ikiwa na mashimo na diwani huyu hajibu, unamwandikia wa chama kingine, wa kata hiyohiyo.