Nimelipa Kutazama Mpira, Nikaogeshwa Bure

Jina la banda sitaji. Liko pande za Kondele hapa Kisumu, na wateja wake wakisoma watalitambua wenyewe. Nililipa nikaingia, nikakalia benchi la katikati, robo fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu 2025: PSG ya Ufaransa na Bayern ya Ujerumani, moja kwa moja kutoka Atlanta, Amerika. Kule ilikuwa adhuhuri, huku saa moja jioni, na wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa vilima vya Nandi. Mwenye kuishi Kisumu anajua maana yake.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, mvua ikashuka. Mabati yale yana matundu ya misumari ya zamani, na moja liko sawasawa juu ya shingo yangu. Nikasogea kushoto, kuna jingine. Mwenye banda akaleta karai akaliweka kwenye njia ya kupitia, projekta akaifunika vizuri na karatasi ya nailoni. Projekta! Sisi tuliolipa hakutuletea hata gunia.

Nikamwendea kwa heshima zote. “Mzee, naomba unisaidie kiti mahali pakavu.” Akanitazama juu mpaka chini. “Kwani ulilipia mabati? Umelipia mpira. Ukitaka pakavu, omera, panda ndege uende Amerika ukae na hao.” Banda zima likacheka. Nami nikarudi kwenye tundu langu.

Kilichoniuma zaidi ni kile kilichokuwa kwenye skrini. Mercedes-Benz Stadium, uwanja wenyewe wa Atlanta, ina paa la vipande vinane vikubwa vinavyoteleza kufunguka na kufunga. Si kwamba lilikuja bila matatizo: uwanja ulifunguliwa 2017, na msimu wa kwanza karibu wote paa liliachwa limefungwa, mafundi wakihangaika nalo. Pembeni palikuwa na Georgia Dome ya 1992, yenye paa la kitambaa, ambayo kimbunga kiliichana Machi 2008 watu wakiwa ndani wanatazama mpira wa kikapu. Baadaye wakailipua kwa baruti, Novemba 2017. Na Astrodome ya Houston, iliyofunguliwa 1965, ilianza na paa linalopitisha mwanga ili nyasi ziote. Wachezaji wa besiboli wakalalamika hawaoni mpira kwa mng’ao, paa likapakwa rangi, nyasi zikafa. Mwaka uliofuata wakatandika nyasi za plastiki. Kwa hiyo nakubali, paa ni kazi ngumu popote. Lakini wale wakilalamikiwa hutafuta dawa. Huyu wangu alitafuta la kunijibu.

Ngoja niwe mkweli, sauti yake ni safi, na stima ilipopotea jenereta iliwaka kabla hatujaanza kupiga kelele. Musiala wa Bayern alipovunjika mguu kabla ya mapumziko tuliona kila kitu, hata ambacho tusingependa kuona. Nikaanza kumsamehe.

Kisha dakika ya 78. Maji yalikuwa yamejaa kwenye turubai alilofunga chini ya mabati, likaning’inia kama kiwele cha ng’ombe. Mzee akachukua ufagio, akasimama mbele ya projekta kabisa, akaanza kulisukuma kutoka chini. Skrini yote ikawa kivuli chake na ufagio. Tukasikia mtangazaji anapaza sauti, tukasikia banda la jirani linalipuka. Doué wa PSG amefunga! Sisi tunatazama mgongo wa mzee. Yale maji yenyewe yakamwagikia safu ya mbele.

Bao la Dembélé la mwishoni nililiona, PSG wakiwa wamebaki tisa. Nashukuru, lakini haliwezi kufidia lile la kwanza.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2026 nayo imepangiwa Atlanta, na kwa banda lile nilishaapa sirudi. Ila mabanda mengine ya karibu yana televisheni ndogo, na yule mama anayekusanya pesa mlangoni ana adabu sana, aliniazima leso nikajifuta. Kama ni lazima uende, kaa nyuma karibu na ukuta wa matofali, na usimwombe mzee chochote. Nampa nyota tatu kiangazi. Masika mbili. Nikikumbuka ile ya kupanda ndege, basi moja, na hiyo ni ya mama wa mlangoni.