Matone ya Tangi: Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Malalamiko yanayonifikia kuhusu seti za umwagiliaji wa matone yanafanana hadi yanachosha. Mtu kanunua seti, kaiunganisha na tangi lililokaa juu ya matofali, kafungua koki. Dripa, yaani vile vitoa matone, za karibu na tangi zinatiririka, za mwisho kavu. Au saa ya taima, kile kifaa cha kufungua na kufunga maji kwa saa, imefika, imelia tik, na maji hayajatoka. Au mbaya zaidi, yametoka na hayakukatika. Asubuhi tangi ni tupu na nyanya zimesimama kwenye tope. Akirudi dukani anaambiwa tangi lake ni fupi, aongeze pampu. Pampu! Mtu amekuja kutafuta namna ya kuachana na umeme, anauziwa umeme.

Urefu wa mipira, idadi ya dripa na miaka ya dhamana sitavigusa, maana vimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Ninachotaka ukitazame hakiandikwi popote: kiwambo cha raba.

Hesabu kwanza. Kila mita 1 ya kimo cha maji juu ya dripa inakupa presha ya takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha presha). Tangi liwe la lita 100 au la lita 5,000, ni ileile. Ujazo hauongezi presha, kinachoongeza ni kimo. Ili upate bar 1 unahitaji mita 10, na hakuna mtu wa bustani ya nyumbani anayepandisha tangi mita 10. Wengi wetu tuna mita 1, tukijitahidi 2. Kwa hiyo kila kifaa unachonunua lazima kifanye kazi kwenye bar 0.1 au 0.2, na kisipoweza hakikufai hata kikiwa kizuri namna gani.

Sasa chukua dripa ambayo wauzaji wanaisifu kuliko zote, ile inayojirekebisha presha. Kama ni ya kufunguka, zungusha kifuniko. Ndani utakuta kisahani chembamba cha raba kimelala juu ya kijishimo. Kazi yake ni kubana njia presha inapopanda, ili dripa ya kwanza na ya mwisho zitoe maji sawasawa. Kwenye shamba lenye pampu ni kifaa cha maana sana. Lakini kiwambo hicho kwa kawaida huanza kazi presha ikikaribia nusu bar. Chini ya hapo kinalegea tu, na kila dripa inatoa inavyojua yenyewe. Na zile zenye kuzuia mvujo, zinazojifunga maji yanapokatwa, kwenye tangi la mita 1 zinaweza kubaki zimefungwa muda wote: kwao, presha yako ni sawa na maji yaliyokatika.

Fungua dripa ya kawaida ulinganishe. Utaona njia ya plastiki yenye meno meno inayopinda kushoto na kulia, na hakuna raba. Hiyo ndiyo yako. Maji yakija kidogo yatapita kidogo, lakini yatapita.

Taima nazo zina kiwambo chao, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu taima ndiyo kitu ghali kwenye seti. Taima nyingi za kufunga kwenye koki zina vali ya sumaku. Sumaku yenyewe haina nguvu ya kuzuia maji. Inafungua kitundu kidogo tu, halafu presha ya maji ndiyo inayosukuma kiwambo kufunga au kufungua. Ukiipa maji ya tangi, kiwambo kinakaa katikati, hakifunguki vizuri wala hakifungi vizuri. Ukibahatika kukuta karatasi ya maelezo ndani ya boksi, angalia maandishi madogo ya mwisho: presha ya chini bar 0.5, au bar 1. Bar 0.5 ni mita 5 za kimo. Hilo ni tangi la kuweka juu ya paa, kama paa lenyewe linabeba.

Aina ya pili ni taima ya vali ya gololi. Kimota kidogo kinazungusha gololi yenye tundu katikati. Tundu likielekea kwenye mpira maji yanapita, likigeuka yanakatika. Haihitaji presha yoyote, na mtengenezaji makini huandika bar 0 kama kiwango cha chini. Ukiwa dukani huna haja ya kuifungua. Iweke betri, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa mkono, kisha sikiliza. Ikilia tik moja na kunyamaza, ni sumaku, irudishe. Ikinguruma kidogo kwa sekunde chache kama kitu kinachojisokota, ni gololi. Chungulia kwenye mdomo wake huku inafunguka: utaona tundu linajitokeza taratibu mpaka mwanga unapita hadi upande wa pili.

Jaribio jingine ni la mdomo, na muuzaji akikucheka mwache acheke. Mtu mzima akipuliza kwa nguvu zake zote anafikia karibu presha ya mita 1 ya maji. Kwa hiyo puliza kwenye dripa, kwenye kizuia-maji-kurudi, kwenye chochote wanachokuambia kinafaa kwa tangi. Pumzi yako ikigoma kupita, usitegemee tangi litafanya miujiza.

Baada ya hayo, huu ndio mpangilio wangu. Sijifichi kwamba nina upande.

1. Tropf-Blumat

Kwa vyungu, masanduku ya kupandia na kitalu nyumba kidogo, mimi ni mtu wa Blumat na sitabishana. Inatoka Austria. Kila mmea unapata koni ya kauri iliyojazwa maji na kuzikwa kwenye udongo, na juu yake kichwa cha plastiki ambamo kijimpira chembamba kinapita. Udongo ukikauka unavuta maji kutoka kwenye kauri, ndani ya koni kunakuwa na mvuto, na mvuto huo unaachia kijimpira, matone yanaanza. Udongo ukilowa, kinabanwa tena. Hakuna betri, hakuna saa, hakuna programu ya simu.

Utaniambia mbona Blumat nayo ina kiwambo. Inacho, ila kinasukumwa na ukavu wa udongo, hakisubiri presha ya maji. Ndiyo maana kinaridhika na tangi lililo mita 1 juu, na ukikiunganisha na maji ya bomba ni lazima uweke kipunguza presha. Umeona sasa? Hiki ni kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya tangi, siyo cha shambani kilichobandikwa picha ya tangi.

Uvivu hakivumilii. Koni zilowekwe kabla ya kufungwa, zijazwe ndani ya maji kusibaki kipovu hata kimoja, na udongo ushindiliwe uigandame kauri pande zote. Koni iliyokaa kwenye udongo wenye mapengo hudhani bado pakavu huku chungu kinaelea, na itadondosha mpaka tangi liishe. Kisha kuna skrubu ya kurekebisha, ambayo itakula muda wako mpaka kila mmea upate kiasi chake. Ukikosa subira ya hapo mwanzoni, shuka namba mbili.

2. Tepe za matone kwa matuta

Kwa matuta ya sukuma, vitunguu au pilipili, Blumat kwa kila mche ni kufuru. Nunua tepe, ule mpira bapa unaojaa maji yakiingia, wenye vitundu kila sentimita 20 au 30. Njia ya maji imefinyangwa ndani ya plastiki yenyewe, bila raba. Si jambo la kubahatisha hili. Richard Chapin wa Marekani alisambaza seti za ndoo za namna hii kwa wakulima wadogo: ndoo ya lita 20 ikining'inizwa mita 1 kutoka ardhini, mistari miwili ya mita 15 kila mmoja. Mita 15 kwa mstari ndiyo kipimo nitakachokuachia. Ukirefusha zaidi, usiilaumu tepe.

Tuta liwe sawa. Kwenye shamba la pampu mwinuko wa sentimita 30 hauna habari, lakini kwako wewe mwenye mita 1 hiyo ni karibu theluthi ya presha yote uliyonayo. Ukiwa na mteremko, weka mistari ikikata mteremko, usiishushe nao.

3. AutoPot

Kampuni ya Uingereza. Chungu kinakaa kwenye sinia, na ndani ya sinia kuna vali yenye boya: maji yanaingia kimo kidogo, yanakatika, na hayaingii tena mpaka mmea umeyanywa yote. Nyanya na pilipili hoho za kwenye kitalu nyumba hustawi sana hapo, na tangi linahitaji kuinuliwa kidogo tu juu ya sinia. Nimeishusha hadi namba tatu kwa sababu unafungwa na vyungu na sinia vyao, na kwa sababu mizizi hupenda kutambaa hadi kwenye vali. Weka kile kitambaa cha kuzuia mizizi wanachokuuzia nacho.

4. Taima ya gololi na dripa za meno

Ukitaka saa, jenga mwenyewe: taima ya gololi, bomba la milimita 16 au zaidi kutoka kwenye tangi, dripa zisizojirekebisha. Mipira ile miembamba ya milimita 4 iwe mifupi, ya kutoka kwenye bomba hadi kwenye mmea tu. Seti za boksi hupenda kukupa mipira miembamba mirefu maana ni nafuu kwao, na msuguano unakula kimo chako chote njiani.

Chupa za kupindua chini juu, vijiti vya kuchomeka na mipira inayotoa jasho: vya safari ya siku chache, vinapita. Tuendelee.

Mtu ataniuliza Netafim iko wapi. Ni jina kubwa, lilianza Israel mwaka 1965, na mistari yao inayojirekebisha ni mizuri mno kwa mwenye presha. Tatizo ni kununua jina. Nao wana seti ya familia iliyotengenezwa kwa ajili ya tangi. Kama ni Netafim, nunua hiyo. Usikatiwe mita kadhaa za mpira wa shambani ukaambiwa ni kitu kilekile.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponikera hasa. Dripa imeandikwa lita 4 kwa saa. Kwenye presha ipi? Hawaandiki, au wanaandika upande wa chini ambapo kibandiko cha bei kimefunika. Kwa kawaida ni bar 1. Dripa ya meno ikipewa bar 0.1 hutoa karibu theluthi moja ya hiyo, yaani lita 1 na robo hivi. Mtu anapanga dakika 30 kwa hesabu ya boksi, mimea inanyauka, anarudi kununua dripa zaidi, na dripa zaidi zinazidi kugawana maji yaleyale. Muuzaji anafurahi mara mbili. Halafu kuna hawa wa viungio vya mabomba: bomba lao ni milimita 13, la jirani 16, na kiungio kikivunjika unalazimika kurudi kwao kununua pakiti nzima kwa bei inayokaribia seti yenyewe. Kabla ya kulipa, uliza kama viungio vinauzwa kimoja kimoja. Kisha uliza presha ya chini ya taima na ya dripa, na uombe uonyeshwe ilipoandikwa. Picha ya tangi kwenye boksi siyo jibu.

Hela utakayookoa kwa kuacha dripa za raba iweke kwenye tangi. Tangi pana na fupi linashinda refu na jembamba, kwa sababu kimo kinashuka kadiri maji yanavyopungua: tangi la kimo cha mita 1 juu ya jukwaa la mita 1 linaanza na mita 2 na kumalizia na 1, na matone yanapungua kwa karibu asilimia 30. Liwe jeusi au lifunikwe, mwani usiote. Kifuniko kiwe na tundu la hewa lenye wavu, la sivyo maji yatatoka kidogo na kusimama. Mdomo wa kutolea uwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, ubakishe tope chini. Chujio lenye wavu wa 120, yaani matundu 120 kwa kila inchi, linatosha kwa dripa nyingi, ila chagua lenye mwili mkubwa. Lile dogo la kwenye seti huziba upesi, na likishaziba nusu tayari limekula presha uliyoipandia ngazi. Bomba kutoka hapo lishuke moja kwa moja. Likipanda mahali na kushuka tena, hewa inajikusanya kwenye nundu, na kwa presha hii ndogo maji hayana nguvu ya kuisukuma.