TAHADHARI: Muuza vifaa vya "maji ya fedha" anayezunguka Ngamiani na Mgandini

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaouguza wazee wenye vidonda na kisukari, nawaomba msome hili kabla hamjatoa pesa.

Kuna kijana anapita Ngamiani na kando ya soko la Mgandini na mkoba mweusi. Ana heshima, ana maneno matamu, shikamoo haimtoki mdomoni. Anauza vijiti viwili vyeupe vinavyong'aa, waya zenye vibanio na betri tatu za volti 9, eti vijiti ni vya madini ya fedha (silva), utengeneze dawa mwenyewe nyumbani. Mimi nilimpa shilingi 85,000. Alinionyesha palepale: bilauri ya maji ya kisima, chumvi kidogo, vijiti ndani, mara povu likapanda na maji yakachafuka. Akasema ile ndiyo fedha inayeyuka, mgonjwa anywe vijiko viwili asubuhi na jioni.

Povu lile lisiwababaishe. Maji ya chumvi yakipitishwa umeme hutoa povu hata ukitumbukiza misumari.

Nilimnunulia mama, ana kidonda cha mguu kisichofunga. Nilipotengeneza nyumbani maji yakageuka kijani na vijiti vikashika ukoko wa kijani. Nikampigia simu kijana, akaniambia ndiyo dalili ya dawa kukolea. Nikamwamini. Mama alikunywa siku mbili, ya pili akatapika usiku kucha. Hilo sijajisamehe.

Asubuhi nikavipeleka vijiti kwa sonara, mzee wa siku nyingi hapa mjini. Akasugua kimoja kwenye jiwe, akadondosha asidi, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii si fedha. Ni ile inayoitwa fedha ya Kijerumani: shaba, nikeli na zinki. Fedha yenyewe humu hamna hata chembe." Kumbe nilikuwa namnywesha mama shaba na nikeli.

Najua kuna atakayesema, basi nitafute vijiti vya fedha halisi na maji yaliyosafishwa. Usifanye hivyo. Fedha ikinyweka muda mrefu inatuama kwenye ngozi, na mwanga wa jua unaigeuza rangi kama ulivyokuwa ukigeuza filamu za picha za zamani. Mtu anakuwa wa kijivu chenye ubuluu, na rangi hiyo haitoki. Sisi weusi huanza kuionea kwenye kucha, ufizi na weupe wa macho. Marekani yuko mwanasiasa wa Montana, Stan Jones, aliyeanza kujitengenezea maji haya mwaka 1999 akihofia dawa zingeadimika mwaka 2000 ukiingia. Alipogombea Useneta mwaka 2002 ngozi yake ilishabadilika. Mwaka huohuo wa 1999 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitamka kwamba dawa za dukani za namna hii hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Hospitalini fedha ipo, ndiyo, kwenye krimu ya kupaka majeraha ya moto. Hiyo inapakwa, hainywewi.

Lililonitia hasira kuliko pesa yangu ni jambo moja. Alimwambia mama aache vidonge vya hospitali "visigombane na fedha". Ukweli ni kwamba fedha ndiyo inayoweza kuzuia baadhi ya dawa za kuua bakteria, na hata za tezi ya shingo, zisiingie mwilini sawasawa. Mama aliacha dozi siku nne. Kidonda kikaanza kunuka. Sasa amerudi kliniki, anasafishwa kila siku.

Namba ya yule kijana haipatikani tena, lakini jirani alimwona Makorora juzi, mkoba uleule. Vijiti vyangu nimevitunza. Kama nawe ulinunua, usivitupe na usiyamwage maji. Nitumie ujumbe, tuandamane kituo cha polisi tukiwa wengi. Na kama mgonjwa wako ameshakunywa, mpeleke hospitali leo, umwambie daktari wazi alichokunywa.