Shuka la kupimia damu leba: linafanya kazi, ila linataka mikono

Ukilikunjua mara ya kwanza utasema ni nailoni tu. Kuna kipande kipana cha kutandika chini ya makalio ya mama, kamba za kufungia kiunoni, na mfuko wa umbo la faneli unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, umechorwa mistari ya mililita. Hayo tu. Lakini katika vifaa vyote vilivyoingia leba miaka ya karibuni, hiki ndicho kilichobadilisha zaidi namna mkunga anavyojua kwamba mama anatokwa na damu nyingi, na ndicho ambacho tungekigombania kwenye bajeti ya kituo.

Kabla yake kipimo kilikuwa jicho. Jicho hudanganywa na kanga, hudanganywa na pedi iliyokunjwa, na saa tisa usiku hudanganywa na uchovu, na karibu kila mara hukadiria pungufu. Fungua daftari la leba isiyo na kipimo uone safu ya damu iliyopotea: 200, 200, 150, 200, kana kwamba akina mama wote walipimiwa kwa kibaba kimoja.

Ushahidi wake si wa kubahatisha. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Palipotumika shuka pamoja na mpango mmoja wa matibabu, damu nyingi iligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliokuwa nayo, dhidi ya asilimia 51 kwingineko. Waliopata madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufariki, walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Soma tena maneno "pamoja na mpango mmoja wa matibabu". Shuka peke yake halizuii hata tone.

Matumizi yake yana mpangilio. Mama akojoe, au atolewe mkojo, kabla ya kusukuma: kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kukaza, na mkojo ukiingia mfukoni umeharibu kipimo. Mfuko ubaki umekunjwa mpaka mtoto atoke na maji ya uzazi yamalizike, ndipo ufunguliwe. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli iwe imeshapigwa ndani ya dakika ya kwanza. Inua kidogo upande wa kichwa wa kitanda ili damu ishuke, kisha acha shuka hapo saa nzima, au mbili kama damu bado inatiririka. Kila dakika 15 soma mfuko, angalia kasi ya damu, shika tumbo kusikia kama mji wa mimba umekaza, pima presha na mapigo.

Mistari ya kukumbuka ni miwili. Kwenye 500 anza matibabu bila kusubiri dalili nyingine. Kwenye 300 ndipo akili inapotakiwa: kama mapigo yamezidi 100, namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100, au mapigo yameipita namba hiyo ya juu ya presha, anza papo hapo. Mwongozo wa mwaka 2025 wa Shirika la Afya Duniani (WHO), shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi (FIGO) na lile la wakunga (ICM) umesimama hapo hapo. Mama aliyeingia leba na upungufu wa damu hana akiba, kwa hiyo kwake mstari wa 300 usichukuliwe kama wa kusubiria.

Linapokosea, mara nyingi tatizo liko kwenye utandikaji. Kitanda kikiwa bapa, damu inatuama chini ya mgongo na mfuko unasoma 100 huku mama analoa. Pitisha mkono wenye glavu uishushe kabla ya kusoma, pamoja na mabonge. Mfuko ukiegemea fremu ya kitanda, mstari unapinda. Uache uning'inie huru, na inama usome macho yakiwa usawa wa damu. Likitandikwa mapema na kufunguliwa, maji ya uzazi yanaingia na mtu anaanza kutoa kwa kichwa, "toa kama mia mbili hivi", na tumerudi kwenye kukadiria. Gozi na pedi zilizolowa hazimo mfukoni: zipime kwenye mizani, toa uzito wa zikiwa kavu, na gramu moja ihesabu mililita moja. Kumbuka pia kwamba mfuko haukwambii damu inatoka wapi. Tumbo limekaza kama jiwe na damu nyekundu angavu bado inatiririka? Tafuta mchaniko.

Sasa mikono. Shuka linadai uchunguzi mara nne ndani ya saa moja kwa kila mama. Wakijifungua watatu saa hiyo hiyo, ni mara 12. Kila uchunguzi ukichukua dakika 4 tu, dakika 48 zimekwisha, na bado hujamgusa mama wa kitanda cha nne aliyefunguka sentimita 9, anayekaribia kujifungua, wala hujaandika popote. Hapa ndipo kifaa kizuri hugeuka nailoni: limetandikwa, limejaa, hakuna aliyelisoma. Kituo kinachonunua shuka bila kugusa ratiba ya zamu kinapoteza fedha. Kinachosaidia ni waliojifungua kulazwa vitanda vya jirani katika saa hiyo ya kwanza, saa kubwa ya ukutani, mhudumu aliyefundishwa kusoma mstari na kuita, na ndugu anayemsindikiza mama kuoneshwa mstari wa 300 na kuambiwa, "Dada, ikifika hapa niite, hata kama niko na mwingine."

Boksi la dharura likae hatua chache tu kutoka kitandani: kanula (mirija ya kuingiza mshipani) za namba 16 na 18, maji ya dripu, tranexamic acid (dawa ya kupunguza kutoka damu) gramu 1, misoprostol (vidonge vya kukaza mji wa mimba), katheta ya kutolea mkojo, glavu ndefu. Oksitosini inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo bandika juu ya boksi karatasi ya kukumbusha nani anaikimbilia. Mstari ukifikiwa, ndipo mpango ule mmoja wa matibabu unapoanza, na kazi zinakwenda kwa pamoja: kusugua mji wa mimba mpaka ukaze, oksitosini yuniti 10 kwenye dripu ndani ya dakika 10 kisha yuniti 20 kwenye lita moja kwa saa 4, tranexamic acid taratibu kwa dakika 10, kukagua njia ya uzazi na kondo, kuita msaada. Kungoja dawa moja ionekane imeshindwa ndipo uanze nyingine ni desturi ya zamani, na ndiyo iliyokuwa ikitumaliza.

Ukienda kununua, mimina maji ya kupimwa 300 na 500 kwenye sampuli uone kama mistari inasema kweli. Angalia kama inasomeka usiku kwa taa hafifu, kama kamba zinashika, na kama mshono wa faneli hauvuji. Lile lenye mistari ya rangi mbili, moja ya tahadhari na nyingine ya kuchukua hatua, linazidi lile lenye namba ndogondogo nyingi. Agiza kwa hesabu ya wanaojifungua kwa njia ya kawaida kila mwezi, pamoja na ziada kidogo kwa yatakayochanika. Ni la mtu mmoja, halifuliwi. Shuka hili si la upasuaji.

Na plastiki yake iende kwenye tanuri la taka. Mimina damu kwanza, kisha funga shuka kwenye mfuko mwekundu. Likitupwa kwenye shimo la kondo halitaoza, na shimo litajaa kabla ya wakati wake.