Mama yangu hana kovu, ana alama: studio ya picha za visa Dodoma iliyonitia hasira

Kama una mzazi wa Kigogo wa umri wa mama yangu na unataka kumpeleka akapigwe picha ya visa hapa mjini, soma hii kabla hujatoa hela yako. Jina la studio silitaji. Iko upande wa Majengo, kwenye fremu nyembamba yenye kioo kilichobandikwa picha za maharusi, na wote pale wana ngozi moja, laini, haina hata kipele. Ningekitazama kile kioo vizuri siku ile ningegeuza palepale mlangoni. Msiende.

Mdogo wangu anaishi Marekani na alikuwa anakaribia kujifungua, mtoto wa kwanza. Akamwita mama akakae naye. Mama ni mtu wa Mvumi, hajawahi kuvuka mpaka wa nchi hii. Kwenye paji la uso, katikati, juu kidogo ya nyusi, ana ile alama ya duara ya Wagogo wa zamani. Masikio yake yana ndewe, tundu zimetanuka tangu usichana wake. Mtu akinielekeza kwa mama yangu sokoni hamtaji kwa nguo. Anasema yule mama mwenye alama.

Kazi yote ya fomu niliifanya mimi usiku, baada ya watoto kulala. Masharti ya picha niliyasoma mpaka nikayakariri, maana nilishasikia watu wanavyosumbuliwa na picha. Marekani wanataka mraba wa inchi 2 kwa 2, si ile ya milimita 35 kwa 45 ya Ulaya. Nyuma pawe peupe, wakati studio zetu nyingi zimezoea pazia la bluu. Iwe imepigwa ndani ya miezi 6. Miwani hawaitaki tangu Novemba 2016, hata kama unaivaa kutwa. Kilemba ni kwa anayejifunga kila siku kwa ajili ya dini yake, na mama yangu ni Mwanglikana, anajifunga kwa sababu ya vumbi tu. Ile ya kutuma kwenye fomu isipungue pikseli 600 kila upande na isizidi kilobaiti 240.

Sasa nitende haki. Yule kijana kipimo anakijua. Aliniuliza kabla sijakaa, "Dada, ya Marekani au ya Ulaya?" Akamwamkia mama vizuri, akamwomba avue miwani, akamwomba kwa adabu afungue kilemba, akashusha kitambaa cheupe na kumsogeza mbele kidogo ili kivuli kisianguke nyuma yake. Nilifurahi sana. Nikajisemea nimempata fundi, na jirani yangu anayemsomesha mwanawe India nitamleta hapa. Chenji hakuwa nayo, nikatoka kwenda kwa wakala. Dakika kumi hazikufika. Niliporudi bahasha ilikuwa tayari, picha 4 zimekatwa vizuri, na ya kutuma imeshaingia kwenye simu yangu. Nikalipa elfu kumi.

Nyumbani nilichukua rula ya mwanangu nikapima. Sentimita 5 na kidogo, huku na huku. Nikapima kutoka kidevu hadi utosini, maana kichwa kinatakiwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya picha. Kila kitu kilikaa sawa. Nilipima kingo na kidevu, uso wa mama yangu sikuutazama. Hilo linaniuma hadi sasa. Nikaituma, mfumo ukaipokea, nikashukuru Mungu nikalala.

Siku ya kwenda Dar es Salaam tulipanda treni ya umeme, chini ya saa nne tukawa tumefika, tukalala kwa kaka yangu Mbagala. Miadi ya ubalozi wa Marekani ilikuwa kesho yake asubuhi. Baada ya chakula mama akaomba zile karatasi zake zote azipange mwenyewe, ndivyo alivyo. Akavaa miwani, akasogea chini ya taa, akatoa picha kwenye bahasha. Akaishika muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?" Akaweka kidole kwenye paji la uso. "Hapa pangu pameenda wapi?"

Nilimpokonya ile picha. Paji la uso lilikuwa tupu, linang'aa kama sahani. Hakuna alama. Mikunjo ya pembeni ya macho haipo. Ngozi imekuwa nyeupe kuliko mama yangu alivyowahi kuwa maisha yake yote. Hata ndewe ya sikio la kushoto ameiziba, akaacha sikio la mtoto. Nilikuwa nimekaa na mwanamke yule kwenye mkoba wangu siku zote hizo, na ndiye niliyemtuma Marekani kwenye fomu.

Kaka yangu akasema ni jambo dogo. Si dogo. Masharti yao yanasema waziwazi kwamba picha isibadilishwe kwa programu yoyote ya kompyuta, wala ya simu, wala vichujio. Na hata wasingesema, ni akili ya kawaida. Picha ya visa haipigwi kwa ajili ya ukutani. Inawekwa kando ya uso wa mtu na kulinganishwa, ofisini kwanza, halafu uwanja wa ndege, na mtu asiyekujua ambaye ana dakika moja tu ya kukuamua. Mama yangu Kiingereza hajui. Akiulizwa huyu ni nani, atajibu nini? Ada yenyewe ya dola 185 hairudi hata ukikataliwa. Lakini usiku ule sikuwaza dola. Niliwaza mdogo wangu akiingia leba peke yake katika nchi ya watu kwa sababu ya kijana wa Majengo na kipanya chake.

Sikulala. Alfajiri kaka akamwamsha fundi mmoja mzee pale Rangi Tatu, mtu mwenye shuka jeupe na kamera yenye mkanda uliochakaa. Nikamwambia, baba, usimguse, mpige alivyo. Akanijibu kwamba yeye hajui kumgusa mtu, anajua kumpiga. Akapiga mara mbili, akakata, akachukua elfu tano. Ile ndiyo picha. Mama yangu yuko pale mzima, na alama yake, na mikunjo yake, na uchovu wa safari. Ndani aliwaeleza kwamba ameleta mpya, wakaipokea bila neno. Visa ilitoka.

Basi ningeishia hapo. Lakini tuliporudi Dodoma, kabla mama hajasafiri, nikasema lazima nimwone yule kijana. Mama akasema twende wote. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma, vumbi limejaa mtaani, na mimi nimejaa zaidi. Niliingia sikusalimia. Nikaweka zile picha mezani, nikamuuliza nani alimtuma.

Akazitazama, akashindwa kuelewa kosa liko wapi. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kabisa. Alidhani amenikatia vibaya! Akachukua rula. Nikamwambia weka rula chini, mtazame huyu mama, halafu tazama hiyo karatasi.

Akatazama. Akafungua kompyuta. Picha ya asili alikuwa bado anayo. Akaiweka kwenye skrini, kisha akabonyeza, ikaja ile iliyosafishwa. Akarudisha ya kwanza. Akaleta ya pili. Alama ipo, alama haipo. Alama ipo, alama haipo. Aliifanya hivyo mara nne au tano, mkono wake unazidi kuwa mzito, na mama amesimama nyuma yake anajiangalia akipotea na kurudi.

"Dada, nisamehe," akasema. "Mteja nisipomsafisha ananirudishia picha. Wote wanataka kusafishwa. Mkono wangu umezoea, naona doa natoa."

"Doa?"

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Bibi yangu wa Kongwa anayo hii."

Nilitaka kumzaba kibao, nasema kweli. Kwa mtu asiyejua ningesema hakujua. Huyu amekula ugali wa mikono ya bibi mwenye alama hiyohiyo, na bado ameiona kwenye skrini akaiita doa. Ameshazifuta ngapi? Wazee wa Bahi, wa Chamwino, wa Mpwapwa wanaokuja mjini kupiga picha za kuwaachia wajukuu, ni wangapi wamerudi kwao na paji tupu wakaona haya kuuliza?

Mama ndiye aliyeongea, taratibu, kama anavyoongea na watoto wa nyumbani. "Mbukwa, mjukuu wangu," akamwambia, na kijana akaitikia kwa sauti ndogo. "Hii alinichoma mama yangu. Alifariki mimi sijavunja ungo. Picha hatukuwa nazo, sura yake imenitoka. Nimebaki na hapa aliponishika."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo. Nimeishi na mama miaka yote, alama ile nimeiona kila asubuhi, na sikuwahi kumuuliza.

Kijana akaomba ampige tena, bure. Nikasema hapana. Mama akasema ndiyo, akakaa kwenye kigoda, akakataa kitambaa cheupe, akataka kile cha bluu kwa sababu hii si ya serikali ya mtu. Baada ya kupigwa akasimama nyuma ya kiti cha kijana, mkono mmoja begani kwake, akaangalia mpaka karatasi ikatoka. Kijana hakugusa kitu. Picha ni nzuri. Ni nzuri kweli, mwanga umekaa, macho yanaongea. Mikono anayo yule mtoto, na ndiyo inayonikasirisha.

Kwa hiyo nilisema msiende. Labda niseme nendeni, lakini msitoke nje hata kwenda kwa wakala, kaeni naye kwenye skrini, mwambieni kabla hajakaa kwamba hatusafishi. Alituahidi kwamba kuanzia sasa atauliza kwanza. Nilitaka kumwamini... Hapana. Mzee wangu mwingine simpeleki pale. Nikiwa na picha ya visa ya mtu wa pili nitamtafuta fundi asiyejua kusafisha, hata ikibidi niende nayo Mbagala. Ya ukutani, sawa, pale wanapiga vizuri.

Elfu kumi alitaka kunirudishia, mama akamrudishia mkono. Zile nne za kwanza nilitaka kuzichana palepale. Mama akanizuia, akazichukua kwangu, akampangia kijana mezani, moja moja, zikimtazama.