Vyuma vya mgongo na mshipa mkuu wa damu: tathmini ya kliniki moja ya Dodoma

Baba yangu mdogo alianguka kutoka juu ya lori la mahindi katika soko la Kibaigwa, akavunjika pingili ya kwanza ya kiuno, na katika hospitali moja kubwa ya hapa Dodoma akawekewa skrubu nne na fito mbili za titani. Upasuaji wenyewe sina neno nao: siku ya tatu alisimama, na kidonda kilifunga bila usaha. Ninachopima hapa ni huduma iliyofuata, hasa uangalizi wa mishipa ya damu, ambayo sisi ndugu hatukujua kuwa inahusika na mgongo.

Aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, hushuka mbele ya uti wa mgongo, upande wa kushoto, na karibu na pingili ya nne ya kiuno hugawanyika kuelekea miguu yote miwili. Skrubu huingizwa kwa nyuma. Ikiwa ndefu kupita kiasi au ikikosea njia, ncha yake hutokeza mbele na kuukaribia mshipa huo. Damu huweza kumwagika palepale mezani, lakini pia ncha inaweza kuusugua ukuta wa mshipa kwa miezi au hata miaka, kila moyo unapopiga, hadi ukuta ukatunga uvimbe wa damu bila mgonjwa kuhisi lolote.

Hapa daktari wa kliniki anastahili sifa. Eksirei ya wiki ya sita ilimtia shaka kuhusu skrubu moja ya kushoto, na kwa kuwa eksirei haionyeshi mshipa, aliagiza picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, baada ya kupima figo. Alituketisha mbele ya kompyuta, akasema, "Mzee, chuma kimetokeza milimita mbili, ila kati yake na mshipa bado kuna nafasi." Tukamuuliza kwa nini asikitoe tu. Akaeleza kwamba hata skrubu iliyokwisha kugusa mshipa haichomolewi ovyo, maana huenda yenyewe ndiyo iliyoziba tundu. Ni lazima daktari wa mishipa awe tayari.

Dosari ilikuwa siku ya kuruhusiwa. Karatasi tuliyopewa ilitaja vidonge na tarehe ya kurudi, basi. Haikutaja mguu mmoja kuvimba, ambayo huweza kuwa dalili ya damu kuganda, wala mguu kupoa na kupauka, wala maumivu makali ya tumbo yanayoanza ghafla. Katika fomu ya ridhaa hatari zote za mishipa zilifupishwa kuwa "kuvuja damu", nasi tuliisaini kwenye korido.

Foleni ya kliniki huchukua muda wa saa nne, na wagonjwa wa mgongo, ajabu, hukalishwa kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Picha ya pili tumepangiwa baada ya miezi sita. Tutarudi kwa daktari yuleyule, na mto wa kuegemea tutautoa nyumbani.