Huduma ya kutunziwa klarineti Tabora mjini: sirudi tena (pedi ni habari nyingine)

Kama chombo chako ni tarumbeta au saksafoni, ruka andiko hili. Huyu fundi atakuhudumia vizuri na hutakuwa na neno naye. Nawaandikia wenye klarineti za mti, tena hasira haijanitoka, kwa hiyo mtanivumilia.

Duka lenyewe liko mjini, si mbali na soko kuu. Jina silitaji, wanaopiga bendi za kanisani wameshalijua. Anatengeneza, anauza ridi (vile vijiti vyembamba vya mdomoni vinavyotoa sauti) na nyuzi za gitaa, na kwa 10,000 kwa mwezi anakutunzia chombo. Kazi yangu iko Urambo, mazoezi ya bendi ni Jumamosi Tabora, na chumba nilichopanga huko Urambo ni bati tupu bila dari. Mchana wa Oktoba humo ndani hata mshumaa unainama wenyewe. Nikaona heri nimwachie mtaalamu kuliko kuipakia kwenye basi kila wiki.

Na sikumtupia tu. Nilimwambia, "Fundi, hii ikae kwenye kasha, kasha lifungwe, liwe mbali na dirisha. Usiiunge." Usafi wote nilikuwa naufanya mwenyewe kabla ya kumkabidhi. Ridi naivua, naifuta, nailaza kwenye kibweta chake ikauke bila kujikunja. Kitambaa chenye kamba nakipitisha kwenye kila kipande mpaka kitoke kikavu. Maji yanayojificha chini ya pedi za juu (vile vifuniko laini vinavyoziba matundu) nayanyonya kwa karatasi ya kusokotea sigara (Urambo ni nchi ya tumbaku, karatasi hizo hazikosekani). Viungo napaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta kidogo. Mwisho, kwenye kona ya kasha naweka kisanduku cha sabuni nilichokitoboa, ndani yake kuna sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa vizuri.

Sponji ndiyo ya muhimu. Huku kwetu kuanzia Mei mvua inakata, na ikifika Septemba upepo umekauka mpaka midomo inachanika. Wewe utajipaka mafuta, mti utajipaka nini? Ule unyevu kidogo ndani ya kasha ndio unaoushikilia usisinyae.

Kumbe sponji yangu ilikuwa inakaa peke yake kwenye kasha tupu.

Jumamosi moja, kiangazi kikiwa kimekolea, nikafika mapema kuliko kawaida yangu. Klarineti hiyo hapo dirishani, imeungwa yote toka mdomoni mpaka kwenye kengele (ule mwisho wake wa chini uliopanuka), imesimamishwa kwenye stendi, jua la saa nne limeilalia ubavuni. Pambo la duka! Kijana wa pale, na tabasamu lake, ananiambia, "Shikamoo mwalimu, hiyo inatuvutia wateja kweli." Mimi si mwalimu, ila kwenye bendi kila mwenye mvi ni mwalimu.

Nikaichukua. Pete ya chuma inayobana ukingo wa kengele ikazunguka kwa kidole. Pete ile hupigwa ikabana kabisa, haitakiwi kucheza. Ukiona inazunguka, chuma hakijatanuka, ni mti umesinyaa ndani yake. Moyo ukaanza kunienda mbio. Nikafungua kipande cha juu, nikaziba matundu yote, nikafyonza. Kikiwa kizima kinanata, na ukiachia unasikia mlio mdogo. Hiki kilikuwa kinavuta hewa tu. Nikakigeuzageuza kwenye mwanga mpaka nikauona: ufa mwembamba kama unywele, umeanzia juu kabisa kwenye kiungo, umeshuka mpaka ukaingia kwenye tundu dogo la kwanza. Ndiko klarineti nyingi zinakopasukia, huko juu, karibu na pumzi ya mpigaji. Ina maana sauti za chini zote, ambazo ndizo kazi yangu kwenye bendi, hazitoki tena, au zinatoka na kukoroma.

Fundi akatoka nyuma anafuta mikono. Nikamwonyesha. Akaangalia mara moja tu.

"Mwalimu, mpingo haupasuki. Mpingo ni chuma. Huo ni mstari wa mti."

Nikamwambia mstari huo Jumamosi iliyopita haukuwepo. Akacheka. "Nyie wa klarineti mmezoea kudekeza. Hiki si kipande cha mti tu?"

Kipande cha mti tu! Mtu wa Tanzania anasema hivyo, kuhusu mpingo. Ni kweli ni mgumu, ni mzito hata ukiutupa majini unazama, na ndiyo maana watengenezaji wa Ulaya wanaufuata mpaka kwenye misitu yetu ya kusini, huko Kilwa na Lindi. Lakini hao hao, wakishaukata, wanauacha ukauke polepole kwa muda mrefu kabla ya kuutoboa, kwa sababu ukikauka kwa haraka unapasuka. Kamuulize mchonga vinyago yeyote wa Kimakonde kinyago kipya kikiachwa juani kinafanya nini. Chombo changu ni cha Kifaransa. Mti umetoka kusini ukaenda Ufaransa, ukavuka bahari kurudi, na miaka yote niliyokuwa nao haukupata hata mkwaruzo, mpaka ulipofika kwenye dirisha la bwana huyu.

Nadhani nimeelewa kinachomponza. Ukutani kwake yamejaa matarumbeta na saksafoni, yote shaba, yananing'inia humo mwaka mzima na hayana shida. Akadhani kila kinachopulizwa ni kimoja.

Sasa sikieni bei. Kuziba ufa, 30,000. Ufa wa dirishani kwake, kwa jua la dirishani kwake, na mimi namlipa kwa mwezi! Nikapandisha sauti, sitaki kudanganya. Kulikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye benchi na saksafoni mapajani, wale wa enzi za bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, akasema, "Wanangu, mtaumbuana mbele za watu, malizeni hayo." Kesho yake kulikuwa na ibada kubwa. Nikalipa.

Na hapa ndipo ninapokwama, maana kazi aliyoifanya ni safi. Alichukua kipande kibovu cha klarineti ya zamani, akakisugua kwa tupa akapata unga wa mpingo, akaujaza kwenye ufa kwa gundi ile nyepesi inayokauka papo hapo, akapiga msasa, akasugua kwa kitambaa. Ukipitisha ukucha husikii kitu. Pete akazibana upya. Kuna pedi moja ilikuwa inapumua, akaibadilisha bila kuniomba senti. Nikafyonza, kikanata. Jumapili sauti za chini zilitoka zote, nene, zimenyooka. Kwa mikono yake, Tabora hii simjui wa kumzidi. Nikiwa nimetulia namwekea nyota nne.

Lakini hakuniambia pole. Mpaka leo. Huku mtu akijikwaa barabarani, hata humjui, unamwambia pole. Mama muuza maembe nje ya duka lile aliniona nimeikumbatia klarineti akasema, "Pole baba, kwani imekuwaje?" Yeye na maembe yake, hahusiki na lolote! Fundi mwenyewe alinipa risiti. Nyota moja, na hiyo ni ya ile pedi.

Siku hizi inalala mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, kwa mama mdogo, nyumba ya matofali manene, chini ya kitanda. Hajui do wala re, ila sponji analowesha kila anapokumbuka na kasha halifungui. Halipwi chochote zaidi ya sukari ninayompelekea. Pedi zikichoka nitarudi kwa fundi, siwezi kujidanganya, lakini nitakaa palepale kwenye benchi mpaka amalize, na nitaondoka nayo mkononi.

Halafu juzi nimepita pale. Dirishani kuna klarineti nyingine, ina pete za rangi ya fedha na kitambaa cha kijani kimefungwa kwenye kengele. Kama ni yako, kaitoe leo.